Mtoto Ana Mafua? Mfunue Kifua Kwanza

Juni ikishaingia, Njombe hubadilika. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na zipo asubuhi za Julai ambapo umande hukutwa umeganda juu ya majani ya viazi. Watu wazima huvaa makoti mawili mawili, watoto wa shule hutembea mikono wameificha ndani ya sweta, na karibu kila mtoto unayekutana naye njiani anachuruzika makamasi. Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijiji. Msimu huo benchi letu la nje hujaa akina mama wenye watoto mgongoni tangu asubuhi mapema, na ombi lao ni lilelile: "Nesi, naomba dawa ya kifua."

Ninaandika kwa sababu ya ombi hilo. Dawa ya kuponya mafua ya kawaida haipo, si zahanati, si hospitali ya rufaa, wala si Ulaya. Mtoto mwenye afya haihitaji, kwa sababu mwili wake huyamaliza mafua wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Anachohitaji ni mtu mzima anayejua kumtazama. Nyuma ya mafua huweza kuja nimonia, ambayo wazee wengi huiita kichomi, na hiyo ndiyo inayoua. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 peke yake ilichukua uhai wa watoto zaidi ya 740,000 walio chini ya miaka 5. Dalili zake za mwanzo huonekana kwa macho, nyumbani, bila mashine yoyote. Mama anayezijua atafika kwetu mapema. Asiyezijua atabaki akibadilisha chupa za dawa ya kikohozi mpaka mtoto aishiwe nguvu.

Mafua huletwa na virusi, na virusi hivyo ni zaidi ya aina 200. Vinavyoongoza ni vya kundi la rinovirusi, ambalo lenyewe lina aina nyingi. Mtoto akiugua kwa aina moja, mwili wake hujifunza kupambana nayo, lakini zilizobaki bado ni ngeni kwake. Ndiyo maana mtoto mdogo huweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na anayeshinda na wenzake wengi kwenye kituo cha malezi hupata zaidi ya hapo, bila kuwa na kasoro yoyote mwilini. Akina mama huumia sana kwa jambo hili. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, akiogopa wenzake wasisikie, kama mwanawe ana virusi vya UKIMWI kwa kuwa mafua hayamwishi. Tulifungua kadi ya kliniki pamoja. Uzito wa mtoto ulikuwa unapanda kila mwezi, na majibu ya vipimo vya mama na mtoto, yaliyoandikwa mle mle kadini, yalikuwa salama. Mtoto anayekua vizuri, anayekula na kucheza, mafua ya mara kwa mara ni sehemu ya utoto wake.

Je, baridi ndiyo inayoleta mafua? Bibi zetu wamesema hivyo siku zote, na hawakukosea kabisa. Bila virusi, baridi peke yake haimpi mtoto mafua. Lakini baridi hutufungia ndani. Madirisha hufungwa kutwa, familia nzima hukusanyika jikoni kuzunguka moto, watoto wanne hulala chini ya blanketi moja, na mmoja akikohoa amewakoholea wote. Tena rinovirusi hupenda ubaridi wa pua: huzaliana vizuri zaidi kwenye nyuzi joto 33 kuliko kwenye nyuzi 37 za ndani ya mwili. Kwa hiyo mvalishe mtoto sweta, kofia na soksi, ni jambo jema. Ukishamvalisha, fungua dirisha mchana ili hewa ya chumba ibadilike.

Yapo pia mafua makali, influenza, ambayo hayana upole huo. Mafua ya kawaida huanza taratibu: chafya, kooni kunawasha, makamasi mepesi, homa kidogo au hakuna kabisa. Influenza humwangusha mtoto ghafla. Asubuhi alikuwa anakimbiza kuku uani, jioni ana homa kali, mwili unamuuma, hataki chakula wala kushikwa. Mlipuko wake wa mwaka 1918 ulikadiriwa kuua watu wasiopungua milioni 50 duniani, na Afrika Mashariki ilipigwa vilevile baada ya ugonjwa kuingia kwa njia ya bandari ya Mombasa. Chanjo yake ipo. Hutolewa kuanzia umri wa miezi 6 na hutengenezwa upya kila mwaka kwa kuwa virusi vyake hubadilika. Hapa Tanzania haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto, bali zipo hospitali binafsi zinazoitoa kwa malipo. Mzazi ambaye mtoto wake ana pumu, selimundu au ugonjwa wa moyo, kama anamudu, aiulizie.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mtoto wako ana mafua na anakohoa. Mpakate, subiri atulie, kwa maana mtoto anayelia hupumua haraka hata kama mapafu yake ni mazima. Mfunue nguo mpaka kifua na tumbo vionekane. Chukua simu, hata kitochi kina saa ya sekunde. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio: huenda mbio, hutua kidogo, kisha huenda tena, na nusu dakika inaweza kukudanganya.

Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kiasi. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, mpaka ni pumzi 40. Kichanga aliye chini ya miezi 2 mpaka wake ni 60. Ukiipata 60 hesabu tena mara ya pili, na ikibaki hapo usilale nyumbani. Kwa kichanga wa umri huo mimi sitaki hata ubishani wa namba. Akipata homa, akipoa mwili kuliko kawaida au akikataa ziwa, mlete.

Hizi namba si siri za wauguzi. Ndizo ambazo Shirika la Afya Duniani limewafundisha watumishi wa zahanati katika nchi zetu kwa miaka mingi, ili nimonia igunduliwe hata mahali pasipo na eksirei. Kama mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kujifunza kuzitumia, mama naye anaweza, na baba pia.

Baada ya kuhesabu, tazama mahali mbavu zinapoishia. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Mwenye nimonia inayomzidi nguvu, kila akivuta pumzi sehemu ya chini ya kifua hubonyea na kuingia ndani. Ukishaliona jambo hili mara moja hutalisahau. Tazama na pua kama zinatanuka kila pumzi. Sikiliza kama anaguna anapotoa pumzi, au kama anatoa sauti ya kukwaruza anapovuta hewa hali ametulia. Ukiona lolote kati ya haya, safari ya zahanati haingoji.

Na kuna dalili ambazo hazingoji hata kuche. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa. Anayetapika kila anachopewa. Aliyepata degedege. Aliyelegea, ukimwita hafumbui macho vizuri. Ambaye ulimi na fizi zimegeuka rangi na kuwa kama bluu; kwa ngozi yetu nyeusi usihangaike kutafuta rangi usoni, mfungue mdomo. Hapo gonga kwa jirani mwenye bodaboda, mfunike mtoto, nenda kituo cha afya au hospitali yenye oksijeni. Nauli ya usiku ni ghali, najua, na barabara zetu za Juni zina utelezi wa umande. Nenda hivyo hivyo.

Kijana mmoja mpasua mbao alifika kwetu alfajiri na binti yake wa miezi tisa kamfunga kifuani kwa kanga ya mkewe. Mama wa mtoto alikuwa amesafiri kwenda msibani. "Shikamoo mama," aliniambia, "huyu anapumua hamsini na nane. Nimehesabu mara mbili." Nikaitikia, nikahesabu na mimi, nikapata hamsini na nane. Kifua kilikuwa hakijaanza kubonyea na mtoto alikuwa bado ananyonya chupa ya uji mwepesi. Alipewa vidonge vya amoksilini vile vinavyoyeyushwa kwenye maji kidogo, asubuhi na jioni kwa siku 5. Walirudi baada ya siku mbili kama nilivyowaagiza, na pumzi zilikuwa zimeshuka. Baba yule alijifunza kuhesabu kwa mkewe, na mkewe alijifunza kliniki. Mafundisho ya dakika chache kwenye benchi la kliniki ndiyo yaliyomleta mtoto siku moja au mbili mapema, na kwa nimonia siku mbili ni nyingi mno.

Amoksilini hiyohiyo ndiyo inayonitia huzuni. Kwa nimonia ya bakteria inaokoa maisha. Kwa mafua haifanyi chochote, kwa kuwa antibayotiki huua bakteria na haiviui virusi. Hata hivyo ndiyo dawa inayonunuliwa zaidi pindi mtoto akipiga chafya. Mzazi anaingia duka la dawa muhimu, anaomba chupa moja, anampa mtoto siku mbili, mafua yanapungua yenyewe kama ambavyo yangepungua, chupa inawekwa juu ya kabati kumsubiri mdogo wake. Bakteria waliokuwa wakiishi kwa amani mwilini mwa yule mtoto wameonja dawa kidogo na waliobaki wamejifunza kuistahimili. Siku nimonia ya kweli ikija, dawa inaweza kushindwa. Usugu wa dawa unaanzia hapo, juu ya kabati.

Wengi hunionyesha kitambaa chenye makamasi ya kijani kama ushahidi kwamba sasa antibayotiki inahitajika. Rangi hiyo inatokana na chembe nyeupe za damu zinazopigana, na katika mafua ya kawaida huonekana siku ya tatu au ya nne, kisha hupotea. Peke yake si sababu ya dawa. Nitajali zaidi nikiambiwa kwamba makamasi yanatoka tundu moja tu la pua na yananuka. Hapo mara nyingi mtoto amejitia punje ya mahindi au harage puani, na harage hilo limevimba. Usilichokonoe kwa kijiti, litazama zaidi, mlete tulitoe.

Dawa za maji za kikohozi nazo nizisemee. Kwa watoto wadogo hazijaonyesha faida ya maana, na zina madhara: usingizi mzito, moyo kwenda mbio. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha mwaka 2008 kwamba zisitumiwe kabisa kwa walio chini ya miaka 2. Kisha Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na sumu ziitwazo dietilini glikoli na etilini glikoli. Watoto zaidi ya 60 walikuwa wamekufa baada ya figo zao kuharibika. Wazazi wao walikuwa wanatibu homa na kikohozi, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Sisemi kila chupa iliyo dukani ina sumu. Nasema mtoto asinyweshwe dawa isiyomfaa kwa ugonjwa unaokwisha wenyewe, na fedha hiyo inunue mayai.

Basi nyumbani tufanye nini? Anza na pua. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, na ikiziba hawezi kunyonya: anashika ziwa, anavuta mara mbili, anaachia, analia. Mama hudhani maziwa yamekauka, kumbe maziwa yapo. Chemsha maji, pima kikombe kimoja cha mililita 240 hivi, tia chumvi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa, koroga, acha yapoe kabisa. Mdondoshee tone moja au mawili kila tundu, subiri kidogo makamasi yalainike, kisha yatoe kwa kitambaa laini cha pamba ulichokisokota ncha, au kwa kipira cha kunyonyea makamasi kama unacho. Fanya hivyo kabla ya kunyonyesha na kabla ya kulala. Maji ya jana yamwage, tengeneza mengine.

Mnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo. Maziwa ya mama ni chakula, ni maji, na yana kinga ambayo mwili wako umeshaitengeneza dhidi ya mafua hayohayo mliyoambukizana ndani ya nyumba. Mkubwa mpe uji, supu ya vuguvugu, maji, chochote anachokubali. Akila kidogo siku mbili hizi usimlazimishe, ilimradi anakunywa na anakojoa. Akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi, arudishe uzito alioupoteza.

Aliyetimiza mwaka mmoja unaweza kumpa asali, nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala. Inatuliza kikohozi cha usiku, na kwa hilo ninaiamini kuliko chupa nyingi za dukani. Asali yenye maji ya uvuguvugu na limau kidogo ni nzuri pia. Aliye chini ya mwaka mmoja asiguse asali hata ya kulamba kidoleni, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaoleta ugonjwa wa kupooza uitwao botulizimu, na utumbo wake bado hauna uwezo wa kuwazuia.

Homa ikimsumbua, tuseme imepita nyuzi 38.5 au anaonekana kuumia, parasetamoli inatosha. Kipimo kinakwenda kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja ya mtoto, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anatosheka na mililita 5 kwa mara moja. Soma chupa yako, maana nguvu hutofautiana, na upime kwa kikombe kilichokuja nayo au bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini usimpe mtoto kabisa. Pamoja na magonjwa ya virusi inaweza kumletea madhara mabaya ya ini na ubongo. Na mwenye homa mpunguzie nguo. Nimepokea vichanga waliofungwa blanketi tatu wakitokwa jasho, mama akisema anawakinga na baridi.

Homa ikipanda, baadhi ya watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 hupata degedege. Inatisha mno kuitazama, na ndiyo maana wengi hukimbilia kwa mganga. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, kisha mlete. Mkoa wetu una malaria kidogo sana, lakini mtoto aliyetoka kumtembelea bibi Kyela au Ifakara na kurudi na homa lazima apimwe malaria, hata kama pua inachuruzika. Makamasi hayazuii malaria.

Yako mambo matatu yanayofanyika majumbani mwetu ambayo naomba yakome.

La kwanza ni kukata kimeo. Mtoto akikohoa wiki mbili, bibi au shangazi husema kimeo kimerefuka na kinamgusa koo, akapelekwa kwa mtu mwenye kisu na nyuzi. Kimeo ni kiungo cha mwili, kila mtu anacho, na hakileti kikohozi. Wanaokatwa huvuja damu, wengine hadi kuongezewa damu hospitali. Wengine hupata maambukizi, na pepopunda huweza kuingia kwa kisu hicho. Wakati huohuo kilichokuwa kinamkohoza kinaendelea. Kikohozi kinachopita siku 14 kina maswali yake: je, ni pumu, kifaduro, au kifua kikuu alichoambukizwa na mtu mzima mle ndani anayekohoa pia? Maswali hayo hujibiwa kwa vipimo. Kwa bibi aliyekuwa tayari amemshika mjukuu mkono nilisema, "Bibi yangu, nipe huyu mtoto kwanza nimsikilize mapafu." Alikubali, na alinishukuru. Wazee wetu hukubali wakielezwa kwa heshima.

La pili ni kumfukiza mtoto. Kujifukiza kulienea sana nchini mwaka 2020, watu wakipiga nyungu kwa majani ya mkaratusi na michaichai. Mtu mzima aamue mwenyewe. Mtoto chini ya blanketi na sufuria la maji yaliyochemka anarusha mguu mara moja tu, sufuria linapinduka. Kidonda cha moto hakilingani hata kidogo na pua iliyoziba. Dawa za kupaka zenye kafuri na menthol, kama Vicks, zisipakwe kwa walio chini ya miaka 2, na kwa yeyote zisiwekwe ndani ya pua.

La tatu ndilo linaloniogopesha kuliko yote mawili: jiko la mkaa chumbani. Mama amejifungua, baridi ni kali, mlango na dirisha vimefungwa, jiko linawekwa karibu na kitanda ili kichanga asipate mafua. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na katika mikoa ya baridi familia zimekutwa asubuhi zimekufa zote. Mpe kichanga joto la mwili wako, kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi, mfunike kofia, blanketi juu yenu wote wawili. Hakuna jiko linalolishinda joto hilo.

Hata moshi wa kawaida wa jikoni una dhambi zake. Mtoto anayeishi kwenye moshi wa kuni hatari yake ya kupata nimonia inakaribia kuwa mara mbili ya asiyeishi humo, na huku kwetu mtoto hubebwa mgongoni saa zote za kupika. Kama una mtu wa kumshika, ashikwe nje ya jiko. Kama huna, toboa tundu la moshi ukutani chini ya paa, au hamishia meko barazani siku zisizo na mvua. Anayevuta sigara akavutie nje.

Mikono ndiyo inayosafirisha mafua zaidi kuliko tunavyodhani. Mtoto hufuta pua kwa kiganja, hushika kikombe, kikombe hushikwa na mdogo wake. Sabuni na maji kwa sekunde 20 humaliza habari hiyo. Shule nyingi hapa zina vibuyu chirizi, kidumu kidogo kilichotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyagia. Kitengenezeni na nyumbani, kwa watoto huwa kama mchezo. Wafundishe kukohoa kwenye kiwiko. Na wageni wanaokuja kumwona mtoto mchanga, hasa wakati wa baridi, mama ana haki ya kuwaomba wanawe mikono, na mwenye mafua asimbusu mtoto. Mwambie kwa upole, "Shangazi, ukipona utampakata mpaka uchoke."

Kisha chanjo. Tangu Januari 2013 watoto wa Tanzania wanapewa chanjo ya nimokoki, bakteria anayeongoza kwa kuleta nimonia kali. Hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, bila malipo, siku zilezile inapotolewa chanjo nyingine inayokinga kifaduro na bakteria wa Hib. Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9 na miezi 18, na dozi ya pili ndiyo inayosahauliwa sana, wakati surua ikimpata mtoto humfungulia nimonia mlango. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6 hadi atimize miaka 5. Hakuna kati ya hizi inayozuia mafua yenyewe. Zinazuia mafua yasigeuke msiba.

Ninaomba kitu kimoja kwa mama, baba au bibi aliyesoma mpaka hapa. Usingoje mtoto augue. Leo, akiwa mzima na ametulia, mfunue kifua, shika simu, hesabu pumzi zake dakika moja, uandike namba hiyo nyuma ya kadi ya kliniki. Kisha mfundishe na mtu mwingine anayebaki na mtoto wewe ukiwa shambani.